Umeachwa na msafara ukiwa na baiskeli ya kukunja? Tafuta dalili yako hapa

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka Mwenge, Dar es Salaam, pamoja na watu kumi na wanne kuelekea Bagamoyo. Wenzangu walikuwa na baiskeli za mbio na za milimani. Mimi nilikuwa na ya kukunja, mtumba wa Japani, matairi ya inchi 20, gia 6, kikapu mbele. Wengine huubwaga moyo wakifika Bagamoyo. Mimi niliubwagia Boko, juu ya kreti la soda nje ya duka la Mangi, magoti yanauma, viganja vimekufa ganzi, msafara umeshapotea machoni zamani.

Nilirudi nyumbani na majibu mawili kichwani: mimi sina pumzi, na baiskeli ya matairi madogo ni ya watoto. Yote mawili hayakuwa kweli. Wiki tatu zilizofuata nilikuwa mgeni wa kudumu kwa fundi wangu pale Sinza. Tukawa tunafungua kitu kimoja kimoja, na katika yote yaliyonishinda siku ile, pumzi ikatoka ya mwisho. Naandika kwa ajili ya anayetoka kwenye safari yake ya kwanza ana hasira kama zangu. Tafuta dalili yako, ujaribu vipimo vya bure kwanza, na usinunue chochote wiki hii.

Usukani unacheza

Hii nimeitanguliza kwa sababu ndiyo inayoweza kukung'oa meno. Nyingine nyingi zitakuchosha tu.

Tofautisha kwanza kuyumba na kucheza. Baiskeli ya matairi madogo huyumba kwa asili yake. Gurudumu ni jepesi, halina ule uzito unaozunguka na kuishikilia baiskeli kwenye mstari, na usukani unaitika ukiugusa tu. Ukitoa mkono mmoja kuonyesha shimo au kuchukua chupa, baiskeli inakwenda upande. Huo si ubovu. Legeza mabega, acha kuukaba usukani kama umemkamata mwizi, nenda ukafanye mazoezi ya mkono mmoja mahali pasipo magari. Mimi nilizunguka uwanja wa shule Jumapili mbili, watoto wa jirani wakinihesabia raundi. Na lile begi la mgongoni lishushe ulifunge kwenye keria, maana uzito ukiwa juu kuyumba kunazidi.

Kucheza ni habari nyingine. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, kisha isukume mbele na nyuma. Ukisikia kitu kinagonga, weka vidole vya mkono wa pili kwenye kila kiungo kwa zamu: bawaba ya usukani, gololi za shingo, bawaba ya katikati ya fremu. Kinachotingishika chini ya kidole ndicho chenye kosa. Kama ni gololi za shingo, fundi atakaza kwa dakika chache. Kama ni bawaba, lifungue komeo lake, ufute kwa kitambaa nyuso zote mbili zinazokutana, kisha ufunge tena. Punje chache za mchanga zinatosha kulizuia lisikae sawasawa, na kama uliikunja baiskeli ufukweni Coco Beach basi mchanga umo. Komeo linapofungwa liwe gumu kiasi cha kuacha alama kwenye kiganja. Likifunga kwa kidole kimoja limelegea. Tafuta nati ya kulirekebisha, uikaze robo mzunguko kwa robo mzunguko. Baiskeli nyingi zina na kizuizi cha pili cha kulifanya komeo lisifunguke lenyewe. Kama chako kimevunjika, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi kabla hajagusa kingine.

Ukiona ufa kwenye maungio, hata mwembamba kama unywele, baiskeli hiyo usiipande. Wala usiipeleke kwa mchomelea mageti, na kama fremu ni ya alumini ndiyo kabisa.

Wenzangu wanateleza, mimi kama nasukuma tope

Nilipotoka Mwenge nilidhani ni usingizi. Tulipofika Tegeta nikajua kuna kitu kinanishika kwa nyuma.

Inua gurudumu la mbele, ulizungushe kwa kidole, uangalie. Gurudumu zima huzunguka muda mrefu, na mwishoni linapembea kidogo huku na huku kwa uzito wa vali kabla ya kutulia. Likisimama ghafla kama limekatazwa, ama raba ya breki inagusa rimu ama gololi zimekauka. Fanya hivyo na la nyuma. Mtumba uliokaa kwenye kontena na kisha nje ya duka misimu miwili ya mvua huwa na grisi iliyogeuka nta. Kuzifungua gololi, kuzisafisha kwa mafuta ya taa na kutia grisi mpya ni kazi ya asubuhi moja, na kwa maoni yangu hakuna pesa iliyotumika vizuri zaidi kwenye baiskeli ya zamani.

Lakini mara nyingi kosa ni upepo, namaanisha wa ndani ya tairi. Tairi dogo linapogusa lami linajipinda zaidi kuliko kubwa lenye upepo uleule, na kule kujipinda ndiko kunakokula nguvu zako. Ulegevu ambao mwenye inchi 28 hata hausikii, wewe unaulipia kila mita. Kubonyeza kwa dole gumba hakusaidii, utaona tairi lote ni gumu. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiasi cha upepo linachotaka. Tumia pampu yenye mshale wa kuonyesha kiasi cha upepo, ujaze karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa, usikivuke.

Mimi nilikuwa na tatizo la aina yake. Nilikuwa najaza jioni, asubuhi tairi limelegea. Nikabadilisha tyubu, ikawa vilevile. Fundi akaitumbukiza kwenye beseni la maji, akaizungusha yote, hakuna hata povu moja.

“Dada, hii haina tobo. Una mate?”

Nikamshangaa. Akalamba kidole chake mwenyewe, akakipaka juu ya vali, na pale pale kipovu kikajitokeza. Baiskeli nyingi za Japani huja na vali ileile ya baiskeli zetu za zamani, ambayo ndani yake kuna kijimpira chembamba kama utambi kinachozuia upepo usirudi. Kijimpira hicho kikizeeka au kikikaa juani kinapasuka, upepo unatoka taratibu usiku kucha, na wewe unatafuta pancha isiyokuwepo. Aliitoa vali ile, akavisha kijimpira kipya, akanidai hela ya kununulia andazi moja. Tangu siku hiyo natembea navyo vinne kwenye pochi. Na ujue kuwa mpira wa upepo wa kituo cha mafuta ni wa vali ya gari. Hauingii kwenye vali hii. Jaza kwa fundi baiskeli kabla hujaondoka mjini.

Miguu inazunguka kama feni, bado naachwa

Hapa ndipo hasira yangu kubwa ilipokuwa, na hapa ndipo nilipopona, kwa sababu jibu lake ni hesabu. Chukua kalamu.

Hesabu meno ya sproketi ya mbele, kisha ya gia ndogo kabisa ya nyuma. Yangu yalikuwa 44 na 14. Ukigawanya unapata 3.14, yaani pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu na kitu. Sasa piga mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni, uisukume baiskeli hadi alama ya tairi irudi chini, upime. Tairi langu la inchi 20 lilitoa mita 1.53. Kwa hiyo kila nikikanyaga mzunguko mmoja, kwa gia nzito kuliko zote, nasogea mita 4.8.

Msafara ulikuwa unakwenda kilomita 28 kwa saa. Ili niwe nao, nilitakiwa kuzungusha pedali mara 97 kwa dakika, bila kupumzika, tangu Mwenge. Kaka mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa na baiskeli ya mbio, sproketi ya meno 50, na gia ya nyuma ya meno 14 kama yangu. Tairi lake likizunguka mara moja ni kama mita 2.1, hivyo yeye alisogea mita 7.5 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo uleule alizungusha mara 62 tu. Alikuwa anapiga stori. Aligeuka hata kuniuliza kama nimekunywa chai! Nilikuwa natamani kumjibu, ila pumzi ya kujibia sikuwa nayo.

Kwa hiyo ukijiona unazungusha miguu bure na hakuna gia nyingine ya kupandisha, usijilaumu. Gia zimeisha. Baiskeli hii ilitengenezwa kumpeleka mtu stesheni ya treni na kumrudisha na mboga kikapuni.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, tafuta msafara wa kilomita 20 kwa saa. Ya pili, jifunze kuzungusha haraka. Mtu asiyezoea anachoka akifika 70, lakini kwa siti iliyopandishwa vizuri na wiki kadhaa za mazoezi, 85 au 90 inakuwa ya kawaida na magoti yanakushukuru. Ya tatu ni kubadilisha sproketi ya mbele. Ukiweka meno 52 unapata mita 5.7 kwa mzunguko, na mwendo wa 28 unaupata kwa mizunguko 82. Kabla ya kulipa, mwulize fundi mambo mawili. Je, sproketi yako inafunguka kwa bolti au imepigwa ribiti kwenye krenki, ule mkono unaoshika pedali? Ikiwa ribiti, utabadilisha krenki nzima. Na je, sproketi kubwa haitagusa bomba la fremu? Cheni nayo itataka kuongezwa pingili. Ukumbuke pia kuwa gia yako nyepesi nayo itakuwa nzito zaidi, jambo utakalolikumbuka vizuri ukipandisha Mlimani kwenda Chuo Kikuu.

Atakayekuambia kuwa matairi madogo yenyewe ndiyo yanayochelewesha, mwambie habari za Desemba 1962. Mwezi huo Mwingereza John Woodburn alivunja rekodi ya kuendesha kutoka Cardiff hadi London akiwa juu ya baiskeli ya matairi madogo iliyobuniwa na Alex Moulton. Haikuwa ya kukunja, na Woodburn hakuwa mtu wa kawaida. Lakini gia zake zilipangwa kwa ajili ya gurudumu lile, na matairi yake yalijazwa upepo wa kutosha.

Magoti yanauma na mapaja yanawaka moto

Siti iko chini. Naweza kusema hivyo bila kukuona, kwa sababu karibu kila anayeanza huiweka siti mahali ambapo nyayo zote mbili zinakanyaga chini akisimama. Inatia amani kwenye taa za barabarani, na inaua magoti barabarani.

Kaa kwenye siti, mtu akushikie baiskeli au egemea ukuta. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiweka sasa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa unapoendesha, goti litabaki limepinda kidogo, na hapo ndipo pake. Ukisimama utagusa chini kwa ncha za vidole tu, utazoea. Bomba la siti lina mstari wa kikomo. Ukihitaji kuuvuka, baiskeli hiyo ni fupi kwako, usilazimishe.

Sasa kuna ugonjwa wa baiskeli za kukunja peke yao: siti inayoshuka kimyakimya. Bomba lake ni refu na lina kibano kimoja tu, na kila shimo linalishusha kidogo. Ukiondoka Mwenge siti iko sawa, Mbezi imeshuka kidole kimoja, Tegeta viwili, na wewe unadhani umechoka. Zungushia bomba utepe mahali linapoingilia ili uone kama linashuka. Likishuka, litoe, lifute grisi na vumbi kwa spiriti, na ndani ya tundu pia, kisha ukaze kibano hadi mkono wake uwe mgumu kuufunga. Bado linashuka? Kata kipande cha bati la kopo la soda, ulizungushe kwenye bomba, ulirudishe. Fundi wangu alifanya hivyo huku akiomba radhi kwa ubaya wa kazi. Ni mwaka wa pili sasa.

Breki inalia mpaka watu wanageuka

Angalia gurudumu la nyuma katikati. Ukiona kitu cha duara kama sahani ya chuma badala ya raba zinazobana rimu, hiyo ni breki ya mkanda, na kulia ni tabia yake hata ikiwa nzima. Vumbi linazidisha. Usije ukatia mafuta! Kelele itaisha, na breki nayo itaisha. Mpe fundi aifungue, asafishe mkanda na ngoma yake, aukwaruze kidogo kwa msasa. Ukimya utadumu mwezi, pengine miwili. Mkanda ukiwa umekwisha, ubadilishwe.

Jambo moja la kupima kabla hujaingia kwenye kundi: mkono upi ni breki ya mbele? Japani ni wa kulia, lakini mitumba ya kwingine inaweza kuwa kinyume. Ukiikamata ya mbele kwa nguvu kwa kudhani ni ya nyuma, na umekaa juu ya gurudumu dogo, utaruka juu ya usukani na kumwangukia aliye mbele yako.

Gia zinaruka tangu niikunje

Ukikunja, waya wa gia unajipinda na mara nyingine unabanwa kwenye bawaba. Kunjua, uangalie waya wote kuanzia kwenye usukani hadi nyuma. Ukiwa umekunjamana pahali, hapo ndipo. Ukiwa mzima, zungusha kile kitufe cha kurekebishia waya nusu mzunguko, ujaribu, nusu tena. Kama cheni inaruka pale tu unapokanyaga kwa nguvu, tatizo si waya. Ni meno yaliyokwisha au cheni iliyorefuka.

Na kuna ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma. Kwenye gurudumu dogo uko karibu sana na ardhi, unazoa mchanga na majani yote ya njiani, na ukiilaza baiskeli upande wa cheni unapinda. Itazame kutoka nyuma. Mkono ule unyooke sambamba na gurudumu. Umepinda? Fundi mwenye mkono mzuri anaunyoosha.

Kila nikiwafikia, wanaondoka

Hii haitibiwi kwa spana.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Wenye kasi wanatangulia, wanasimama chini ya mwembe kukungoja. Wanakunywa maji, wanapiga picha, wanapumzika dakika kumi. Wewe unatokea, jasho linatiririka, na kiongozi anasema kwa moyo mweupe kabisa, “Haya, dada yetu amefika, twende!” Aliyechoka zaidi ndiye pekee ambaye hajapumzika. Hufanywa hivyo kwa upole, na ndivyo wanaoanza wanavyomalizwa. Kabla ya kuondoka, mwombe kiongozi dakika tano zihesabiwe tangu anapofika wa mwisho. Ukiona aibu kuomba, ondoka wewe robo saa kabla yao. Watakupita Mbezi, mtasalimiana.

Kukaa mkiani nako kunachosha kuliko watu wanavyodhani. Wa mbele akipunguza mwendo kidogo kwa sababu ya tuta, wa pili anapunguza zaidi, wa mwisho anakanyaga breki kabisa. Kisha wa mbele anaongeza, na wa mwisho lazima akimbize. Mtu wa kumi na tano anakimbizana mara ishirini katika safari ambayo wa pili aliiona imetulia. Omba kukaa nafasi ya pili au ya tatu, nyuma ya mtu mwenye mwendo usiobadilika. Wengi watakupa.

Ukiwa hapo pia unakingwa upepo. Kutoka mwendo wa 20 hadi 28, nguvu inayoliwa na upepo inakua karibu mara 2.7, na mwenye baiskeli ya kukunja amekaa wima kama yuko kwenye sofa, kifua chote kinapokea. Lakini usimgande wa mbele kama wafanyavyo wenye baiskeli za mbio. Shimo ambalo tairi lake linalivuka, lako linaingia. Acha nafasi ya urefu wa baiskeli moja, gurudumu lako lisipishane kamwe na lake, na macho yapite juu ya bega lake.

Halafu angalia kalenda. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa kusi ndiye mwenye pwani. Ukienda Bagamoyo anakusukuma mgongoni, unajiona bingwa. Wakati wa kurudi anakungoja Kerege. Safari yangu ilikuwa ya mwezi wa saba, kwa hiyo niliachwa hali upepo unanisaidia, jambo ambalo fundi alilicheka kwa muda usiopungua dakika mbili. Msimu wa kaskazi, Desemba hadi Februari, ni kinyume chake: jasho kwenda, nafuu kurudi, na kwa anayeanza huo ndio mpangilio bora.

Na swali la kuuliza kabla ya yote, hata kabla ya kujaza upepo. Nilipopiga simu niliambiwa, “Usiwe na wasiwasi, tunaenda polepole.” Polepole ya nani? Uliza kwa tarakimu: kilomita ngapi kwa saa, kilomita ngapi jumla, mnangojana au kila mtu na Mungu wake. Mwenge hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 50, kwenda peke yake. Mimi kabla ya hapo nilikuwa sijawahi kuvuka 12.

Viganja vimekufa ganzi, kichwa chepesi

Ganzi hutokana na kuuegemea usukani kwa mikono iliyonyooka. Pinda viwiko kidogo, ubadilishe mahali pa kushika kila dakika chache, na uangalie kama pua ya siti imeinama mbele na kukumwagia kwenye usukani.

Kichwa chepesi na miguu ya pamba ni njaa au maji. Nilikuwa nimekunywa chai kavu, na chupa yangu ya nusu lita ilirukia barabarani kwenye tuta la kwanza kwa sababu kikapu hakikuwa na kamba. Fremu nyingi za kukunja hazina mahali pa kufungia chupa, kwa hiyo funga kamba ya mpira juu ya kikapu. Kula ungali hujasikia njaa: ndizi, tende, kashata. Kila nusu saa kitu kidogo, na maji kabla ya kiu.

Pancha

Chunguza tyubu ya akiba leo. Ya inchi 20 kwa 1.75 inapatikana popote panapouzwa baiskeli za watoto. Inchi 16 ina saizi mbili zisizoingiliana, na moja huipati kirahisi. Itafute kabla ya kuihitaji. Beba spana ya 15 kwa nati za gurudumu na ya 10 kwa mkono wa breki ya mkanda, la sivyo gurudumu la nyuma halitatoka. Ingawa kuna njia ya mafundi wetu: usilitoe kabisa. Toa upande mmoja wa tairi, vuta tyubu kidogo nje, ziba kiraka, rudisha.

Nimeshindwa kabisa, niko barabarani

Hapa ndipo baiskeli yako inawashinda zote. Shusha siti, kunja usukani, kunja fremu, funga kwa kamba isijifungue, na upande wa cheni uangalie mbali na nguo zako. Inaingia kwenye bajaji bila mjadala. Kwenye daladala mjadala upo.

Pale Boko konda aliitazama, akanitazama.

“Dada, hiyo ni mashine ya nini?”

“Baiskeli.”

“Iko wapi nyingine?”

Tukapatana nusu nauli yake, nauli kamili yangu. Nikaipakata hadi Mwenge, pedali ikinichoma ubavuni kwenye kila tuta.